Aliyegeuza Sahani

Chumba cha kuchapia kilikuwa kimya, na Inspekta Amos Cartlidge hakuupenda ukimya ule. Alizaliwa na kukulia hapa Burslem, mji wa wafinyanzi wa Uingereza, na hakuwahi kuingia katika kiwanda cha vyombo cha Lymer saa za kazi akasikia maji ya mfereji wa boti yakigonga ukuta wa nje. Siku zote sauti yake ilimezwa na mashine, na wanawake wakiimba huku wakisugua karatasi juu ya sahani, na mtu fulani akimgombeza mtu fulani. Leo wanawake hao walikuwa uani, wamekaa juu ya vikapu vilivyopinduliwa, mikono mapajani, wakimtazama yeye.

"Umemwachia?" mmoja alimuuliza kwa sauti kupitia mlangoni.

"Bado, Mama Clewes."

"Sasa humu unatafuta nini? Si mwizi mnaye?"

"Mimi sijasema ni mwizi. Aliyesema ni konstebo."

"Konstebo! Konstebo huyo nilimwogesha mimi akiwa mchanga. Hata wakati ule alikuwa haambiliki."

Wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamefiwa, wakanyamaza.

Mzee Ephraim Lymer, mwenye kiwanda, alikuwa amezikwa Jumatatu. Tanuri zilizimwa kwa heshima yake. Kesho yake binti yake, Bi Dorcas, alifungua kabati la chumba cha kuchapia ili kazi ianze tena, akakuta rafu ya katikati tupu. Mabamba ya shaba ya Mdiria yalikuwa yametoweka yote. Hayo ndiyo yaliyokuwa na nakshi iliyochongwa kwa mkono: daraja, mfereji, na ndege mdiria akishuka majini. Rangi ya buluu ilipakwa katika mistari yake, karatasi laini ikagandamizwa juu, karatasi ikabandikwa kwenye sahani. Nusu ya watu wa mji ule walikula kwa sababu ya ndege yule.

Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja, na ulining'inia kiunoni mwa Mzee Reuben Tams, mkuu wa wachapaji. Alipoulizwa, hakukubali wala hakukataa. Basi konstebo akamfungia, na kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu. Kifua cha Mzee Reuben kilikuwa kimejaa vumbi la kazi ya maisha yake yote. Hakuna mtu pale uani aliyedhani kwamba akiingia gerezani atatoka.

Inspekta alipiga magoti mbele ya kabati. Kufuli haikuwa na mkwaruzo. Alipitisha kidole juu ya rafu. Kikatoka na mafuta.

"Yalipakwa mafuta yasishike kutu," alisema Bi Dorcas nyuma yake. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa nguo nyeusi ambayo bado haijamzoea. "Na kila bamba lilifungwa kwa kipande cha flaneli."

"Flaneli ziko wapi?"

Akaangalia. Hakuwa amelifikiria hilo. "Hazipo."

"Mtu anayeiba shaba akauze kwa kupima hachukui vitambaa," alisema Inspekta. "Anatupa gunia begani, anakimbia. Huyu aliyafunga yasikwaruzane. Aliyapenda."

"Kila mtu humu anayapenda."

"Ndiyo sababu kazi yangu ni ngumu. Hebu niambie, nani aliyachonga?"

"Baba." Alishangaa kuulizwa. "Si unajua? Babu Jabez alianza kwa kubebesha punda vyombo, na barabara zilikuwa mbovu, nusu vikavunjika kabla ya kufika sokoni. Akajenga hapa, mfereji upite mlangoni, vyombo vikasafiri juu ya maji kama mtoto mgongoni. Lakini vyombo vyake vilikuwa vya kawaida tu, hata akakaribia kufunga. Baba, akiwa kijana, akakaa pale darajani, akamwona mdiria, akamchonga. Ndege huyo ndiye aliyetuokoa."

"Na baada ya huyo, alichonga nini tena?"

"Nini tena cha nini?"

"Nakshi nyingine."

Bi Dorcas alifungua mdomo, akaufunga. "Alikuwa na kiwanda cha kuendesha," alisema.

Inspekta akasimama, akapangusa magoti.

* * *

Kituoni, Mzee Reuben alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu kama mtu anayengoja kinyozi.

"Nimekuletea chai, Mzee."

"Umetia sukari?"

"Nimetia."

"Basi kaa."

Inspekta alikaa. "Mabamba yako wapi?"

"Chai nzuri hii."

"Mzee, hakimu hatakuuliza habari za chai."

"Akiniuliza lolote nitanyamaza. Nina mazoezi, nimekaa na mke."

"Uliyachukua?"

"Mimi si mwizi, Amos."

"Hilo nalijua. Nimeuliza kama uliyachukua."

Mzee Reuben akanywa kidogo. "Mama yako alikuwa na mkono mwepesi wa kupaka maua kwenye vyombo," alisema. "Kila akiniona alinitania. Macho yake umeyarithi. Yatumie, mimi niache nipumzike."

"Ulionekana Jumanne alfajiri ukimpa mwanamke wa boti mzigo mzito. Keziah Hollins. Konstebo anasema ni shaba."

"Kamuulize Keziah." Kwa mara ya kwanza mzee alitabasamu. "Lakini bisha hodi kwanza. Ana ulimi yule."

* * *

Boti ya Keziah Hollins ilikuwa imefungwa kwenye gati la kiwanda, imejaa udongo mweupe wa kufinyangia uliotoka mbali, Cornwall, kwa bahari na kwa mfereji. Mwenyewe alikuwa nyuma, kiko mdomoni, akikoroga chungu cha mchuzi. Inspekta alitia mguu mmoja ndani.

"We! Unaingia wapi?"

"Hodi," alisema Inspekta, akarudisha mguu.

"Sasa ndiyo umesema. Inaelea, lakini ni nyumba. Karibu. Futa viatu."

Akafuta viatu. "Mzee Reuben alikupa mzigo Jumanne."

"Alinipa. Na mimi nikamshukuru, nikambusu shavuni. Hilo nalo andika." Akainama chini ya kitanda, akatoa furushi, akalifungua kwa uangalifu. Lilikuwa buli la chai, kubwa, la kahawia, lenye maua ya udongo wa rangi na jina limebandikwa tumboni. "Jina la marehemu mama. Nililiomba tangu mwaka juzi. Mzee Reuben akalisimamia mwenyewe, likachomwa katika tanuri za mwisho kabla bwana hajafa. Haya, pima uzito. Kuna shaba humo?"

Inspekta alilipokea kwa mikono miwili na, bila kufikiri, akaligeuza chini juu, akatazama kitako, penye alama ya kiwanda.

Keziah alicheka mpaka kiko kikazimika. "Ninyi watu wa huku! Mtu wa huku ukimpa chai anaimwaga, aone kikombe kimetoka kwa nani! Mnazaliwa nalo au mnafundishwa?"

"Nisamehe," alisema Inspekta, masikio yakimwaka.

"Kama yule bwana wa sufu."

"Bwana gani wa sufu?"

"Mgeni wa Bi Dorcas. Aliyepanga chumba cha juu. Anasema ananunua sufu za kondoo, anatafuta ghala karibu na maji." Alikiwasha tena kiko. "Alikuja hapa juzi, akatia kidole kwenye udongo wangu, akausugua hivi, akauweka ulimini. Nikamwambia, bwana, kama una njaa mkate upo."

"Akasemaje?"

"Eti alidhani ni unga."

"Ukamwamini?"

"Mtu akila udongo kwa kudhani ni unga, hutema. Huyu alimeza, akatazama juu, akafikiri."

Inspekta akalirudisha buli mikononi mwa mwenyewe kana kwamba ni mtoto aliyelala. Alirudi kwa njia ya kando ya mfereji, polepole, mikono nyuma. Bwana Walter Prentice, mfanyabiashara wa sufu kutoka Bristol. Alifika siku chache kabla ya Mzee Ephraim kufariki. Alihudhuria mazishi, akala chakula cha matanga pamoja na watu wote, na hakuigeuza sahani yake. Lakini nani angeigeuza? Ilikuwa sahani ya Lymer, mezani kwa Lymer. Na jioni hii Bwana Prentice alikuwa na safari ya treni.

Inspekta akakata kona, akapitia nyumbani kwake. Katika kabati la vyombo alikuwa na sahani moja ya buluu isiyo na alama kitakoni, aliyoinunua kwa mchuuzi kabla hajaoa. Hapakuwa na mtu Burslem aliyekubaliana na mwenzake ilikotoka. Mama yake mwenyewe alikufa akibishana juu yake. Akaifunga kwa gazeti, akaiweka kwapani.

* * *

"Nataka mpishi ampakulie mgeni wako kwenye hii," alimwambia Bi Dorcas jikoni.

"Kwa nini?"

"Nikikwambia sasa, utamtazama usoni, naye ataona."

Bwana Prentice alikuwa na miaka kama thelathini, mwenye adabu, mwenye mikono ambayo hakujua pa kuiweka. Walikaa watatu mezani. Mpishi alileta mikate laini ya oti, ile ya kukunja kama chapati, na nyama ya nguruwe iliyokaangwa ikitoa mafuta. Wawili walipewa sahani za Mdiria. Mgeni akawekewa ile nyingine.

Jicho lake liliiangukia mara moja. Likakaa pale. Kisha akachukua uma.

"Bei ya sufu inaendeleaje?" aliuliza Inspekta.

"Imepanda kidogo."

"Ya kondoo gani iliyopanda?"

"Ya... ya kondoo wakubwa."

Bi Dorcas aliukunja mkate wake bila kusema neno.

Mgeni alikula upande mmoja, akausukuma mkate kando ili aone ukingo. Akala tena kidogo. Akagusa ukingo kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta tone la mafuta, ila tone halikuwepo. Inspekta alimwonea huruma. Aliwahi kumwona mchungaji wa kanisa akihangaika vivyo hivyo kwenye arusi.

"Bi Dorcas, chai naona imechelewa," alisema.

Bi Dorcas akaondoka kwenda jikoni. Inspekta akainuka na yeye, akaenda dirishani, akampa mgeni mgongo, akasimama kutazama boti. Nje mawingu yalikuwa mazito na chumba kilikuwa na taa. Kioo kilimwonyesha meza yote.

Bwana Prentice alitazama mlango. Akatazama mgongo wa Inspekta. Kisha akashindwa. Sahani ilikuwa bado na nyama. Basi akaiinua ikiwa imelala sawasawa, akaipandisha juu ya kichwa chake, akakunja shingo na kuitazama kwa chini kama mtu anayetazama dari inayovuja. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio.

"Ya wapi, unadhani?" aliuliza Inspekta bila kugeuka.

"Si ya huku," alijibu mgeni, mawazo yote yakiwa juu. "Imelia kwa sauti ya chini mno. Liverpool, labda, ya zamani, na aliyeimwagia maji ya kung'arisha alikuwa na haraka, maana hapa..."

Kipande cha nyama kiliteleza kikaanguka begani mwake.

Inspekta akageuka. "Liverpool," alisema. "Mama alisema hivyohivyo. Shusha mkono, Bwana Prentice, utachoka. Mtu wa sufu angeimaliza nyama."

Bi Dorcas alikuwa mlangoni na chai. Hapakuwa na aliyemwambia aketi, akaketi mwenyewe.

"Jina la mama yangu ni Prentice," alisema yule kijana. Aliishusha sahani polepole, akajifuta bega. "La baba yangu ni Lymer. Aaron Lymer. Nimezaliwa Marekani, Trenton, na kazi yangu ni vyombo kama ninyi."

"Baba hakuwa na ndugu," alisema Bi Dorcas.

"Alikuwa na mdogo. Na mdogo huyo ndiye aliyekaa darajani."

Aliieleza habari hiyo bila kupandisha sauti, na Inspekta, aliyekwisha kusikia watu wengi wakisema uongo, hakuusikia hapo. Aaron alikuwa mchongaji. Alimchonga mdiria majira mazima ya kiangazi, huku Reuben Tams, aliyekuwa akijifunza kazi pamoja naye, akimnolea vifaa. Wanunuzi walipokuja wakauliza ni kazi ya nani, Mzee Jabez alimshika bega mwanawe mkubwa, yule atakayerithi, akasema: ya huyu. Ephraim alimwogopa baba yake. Alitazama chini, akanyamaza. Aaron akangoja mpaka wanunuzi waondoke, akangoja na wiki iliyofuata, kisha akapanda meli.

"Umekuja kuyaiba," alisema Bi Dorcas.

"Nilikuja kuyaomba. Nikamkuta mwenye kuombwa yuko kitandani, nami sina uso wa kumwendea mtu anayekufa na madai. Nikatoa jina la mama nikapanga chumba. Lakini Mzee Reuben alinitambua siku ya pili. Alisema nashika kijiko kama baba yangu. Usiku wa mazishi alinipa mwenyewe, yamefungwa yote. Akasema: haya ni maneno ya bwana, si yangu. Aliposhikwa nilitaka kusema. Nikatumiwa neno kutoka mahabusu: ukifungua mdomo, umemvua marehemu nguo mbele ya bintiye."

"Maneno gani ya bwana?" aliuliza Inspekta. "Bi Dorcas, baba yako alisema nini mwishoni? Reuben alikuwepo?"

Bi Dorcas alikuwa ameshika birika bado. Aliliweka chini kwa shida.

"Alikuwepo. Alikuja kukesha na baba usiku ule. Baba alisema neno moja tu, akalirudia. Mrudishie. Mrudishie." Sauti yake ikapungua. "Nilidhani ni blanketi. Reuben alikuwa amemfunika baba kwa blanketi lake, na mimi nikalitoa, nikalikunja, nikamrudishia. Na baba akanitazama tu."

Inspekta alikumbuka kauli ya mama yake, alipokuwa akirudi kutoka kazini na rangi kwenye kucha: bwana Ephraim ni mtu mwema, mwanangu, lakini mwambie achore paka, atakuchorea meza.

"Sikuwahi kumwona akichora hata jani," alisema Bi Dorcas, kama aliyeyasikia mawazo yake. "Miaka yote ile. Nilidhani ni unyenyekevu." Akafuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, mara moja. "Yako wapi?"

"Sandukuni, juu. Hayana hata mkwaruzo."

"Inspekta, mimi ndiye niliyepeleka malalamiko. Naweza kuyaondoa?"

"Kama mwenye mali anasema mali haikuibwa, polisi hawana kesi. Lakini ni lazima useme kwa nini, mbele ya sajenti, na aandike. Habari itatoka, Bi Dorcas. Mji wetu huu unaujua."

Hapo ndipo alipomwona akipima. Upande mmoja kulikuwa na jina la baba yake, ambalo kila mtu alilitaja kanisani Jumatatu. Upande wa pili kulikuwa na mzee mmoja kwenye benchi.

"Nitasema," alisema. "Baba mwenyewe ndiye aliyetaka kusema, ila pumzi ilimwishia. Walter, chukua koti lako. Mambo ya mabamba tutayazungumza njiani, na tutagombana, nakuonya. Kiwanda kina watu."

"Sina hata tanuri ya kuyatumia," alisema kijana.

"Basi tutagombana kidogo."

* * *

Sajenti aliandika kwa muda mrefu, akiuliza kila jina linaandikwaje. Inspekta hakungoja amalize. Alichukua ufunguo, akaenda nyuma peke yake, akafungua mlango wa mahabusu.

"Vaa viatu, Mzee. Unakwenda nyumbani."

Mzee Reuben hakuinuka. "Nani amesema?"

"Bi Dorcas. Anajua yote, na yuko hapo nje. Amelia kidogo, sasa anamfokea sajenti."

"Anamfokea?"

"Kwamba benchi lako halina mto."

Mzee akatikisa kichwa, uso ukalegea. Akavuta viatu, akaanza kuvaa. "Sikutaka ajue," alisema. "Ephraim alimpenda sana mtoto yule."

"Ametambua hilo pia." Inspekta alisita. Hii ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu, na kijana alikuwa amemwomba aifanye kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza. "Kuna jambo jingine, Mzee. Walter alikwambia baba yake anayangoja mabamba. Haikuwa kweli. Alihofia kwamba ukijua hutampa. Aaron alifariki majira ya baridi yaliyopita, akiwa kwenye meza yake ya kazi."

Mikono ya Mzee Reuben ilikuwa kwenye kamba za kiatu, na haikusimama. Alivuta fundo la kwanza, akalikaza, akahamia mguu wa pili.

"Nilijua," alisema. "Aaron angekuwa hai, angekuja mwenyewe."

Alimaliza fundo. Akasimama, akavaa kofia yake kichwani. Kisha akaivua tena, akaibeba mkononi mpaka nje, kama mtu anayesindikiza jeneza.